Dagaa Pamoja na Miba Yake

Mpaka leo nikimsikia mtu anamwambia mjamzito "kunywa maziwa," kisha ananyamaza kana kwamba kazi yake imekwisha, damu hunichemka. Maziwa ya ng'ombe gani? Kwetu Dutumi, miaka ile ya Mwingereza, ng'ombe alikuwa mnyama wa kusimuliwa. Mbung'o walijaa porini kutoka bonde la Ruvu hadi kupanda Kisarawe, na kila aliyejaribu kupitisha mifugo alifika na ngozi. Tulilima muhogo, mpunga na ufuta, tukafuga kuku na mbuzi wachache. Mtoto akishaachishwa ziwa, maziwa hakuyaona tena.

Mimi niliacha shule kabla sijajua vizuri kugawanya, nikaanza kutembea. Nimekata mkonge, nimebeba mataruma ya reli, nimekuwa msaidizi wa mpishi katika kambi ya shamba moja huko Ngerengere. Nilikuwa nakaa mahali mpaka nijue wanafanyaje mambo yao, kisha naondoka. Katika kupita kwangu nikafika siku moja nyumbani kwa dada yangu, aliyeolewa kijiji cha pili kutoka kwetu, nikamkuta amekaa kizingitini anaukanda muundi wake kwa mikono miwili. Alikuwa na mimba ya tatu.

"Shikamoo dada. Umekonda."

"Marahaba. Na wewe unanuka moshi wa treni. Nisaidie kunyanyuka."

Nilimshika, akasimama, akakaa tena. Miguu ilimkaza kama kamba iliyosokotwa. Usiku ilimwamsha, mchana ilimwangusha shambani. Mimba ya kwanza ilimng'oa jino, ya pili jino jingine, na wanawake wa pale waliona ni kawaida, kila mtoto aondoke na lake. Sasa aliogopa jambo moja, kwamba siku ya kujifungua haitamkuta na nguvu ya kupiga magoti, maana kwetu ndivyo walivyozaa. Mwanamke wa jirani, aliyekuwa akilalamika miguu vilevile, alikuwa amekufa uchunguni mvua zilizopita. Mimi sijui kilichomuua. Dada yangu aliamini anakijua.

Walikuwa wameshampeleka zahanati Kisarawe. Dresa, ndivyo tulivyowaita waganga wasaidizi wa serikali, alimwambia mifupa inataka maziwa, anywe kila siku. Basi shemeji akaenda duka la Mhindi akaleta maziwa ya kopo, yale mazito matamu. Dada alikunywa, akakimbilia nyuma ya nyumba. Akajaribu tena, tumbo likamwendesha mpaka akalazwa. Makopo yaliyobaki yakaishia katika chai ya shemeji na wageni wake, na lawama zikamwishia dada. "Analetewa maziwa ya Wazungu, anayatapika," mama mkwe wake aliwaambia majirani. "Mimi nimezaa kwa maji ya kisima."

Jioni ile tulipakuliwa ugali na dagaa wakavu wa Bagamoyo. Bakuli la wanaume lilikuja na dagaa wazima, kichwa na mkia. La dada lilibaki mikononi mwa mama mkwe. Alichuchumaa karibu na moto akampasua kila dagaa kwa ukucha wa gumba, akavuta uti wake, akakata kichwa, akaacha uzi wa nyama usiotosha kuziba pengo la jino. Vichwa na miba akavitupa uani, kuku wakagombania.

"Mama, mbona unamtolea?" nikauliza.

"Mjamzito hali miba. Mtoto huzaliwa na kitu kimemkwama kooni."

"Na mayai?"

"Mayai atazaa kipara. Nyie huko mnakotembea hamfunzwi?"

Sikuweza kula. Kule kambini Ngerengere kuku wa meneja waliwahi kutaga mayai laini kama ngozi. Mpishi akaponda makombe ya baharini na mifupa, akawachanganyia, na baada ya muda magamba yakawa magumu. Nilimsumbua kwa maswali mpaka akanifukuza jikoni, lakini nilielewa kwamba gamba halitoki hewani. Sasa nilikuwa natazama kuku wa pale uani wakila miba ya dagaa. Kuku walitengeneza magamba kwa miba hiyo, mayai waliyotaga wakala wanaume, na mwanamke anayetengeneza mifupa ya binadamu mwingine tumboni alinyimwa miba, akanyimwa na mayai, kisha akalaumiwa.

Nikamweleza mama mkwe habari ya kuku wa meneja. Nilikosea pa kuanzia.

"Umemsikia?" alimwambia mwanawe. "Shemeji yako anamfananisha mkeo na kuku."

"Tena kuku wa meneja," shemeji akasema, akacheka, akatia dagaa wazima watatu mdomoni. Nilisikia miba ikisagika katikati ya meno yake mazuri.

Kesho yake nilikwenda Kisarawe, sehemu kwa miguu, sehemu kwa lori la makaa. Dresa alikuwa mtu mpole, amechoka, wagonjwa wamejaa mpaka barazani. Nikamuuliza kama asiyeweza maziwa anaweza kula dagaa.

"Anaweza. Lakini ale na miba, nyama peke yake haitoshi. Na mchicha, matembele, ufuta. Ufuta mnalima wenyewe."

"Mbona hukumwambia dada yangu hivyo?"

"Hakuniuliza. Nawaambia maziwa, wanaitikia ndiyo bwana, wanaondoka."

"Unajua kwetu hakuna ng'ombe."

"Najua," akasema. "Ndivyo tulivyofundishwa kusema."

Alisema bila kiburi, na hilo ndilo lililonichoma. Kama angenifokea ningemchukia yeye, nikapata pa kutua hasira yangu. Alijua dawa iko katika kila jiko la kwetu Uzaramo, akataja isiyokuwamo, kwa sababu ndiyo aliyofunzwa kutaja.

Nilirudi na maneno yake. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo dresa hazai humu ndani." Nikamgeukia shemeji. Akalitazama bakuli.

"Sema neno, shemeji."

"Mambo ya wanawake haya, bwana."

"Kula miba ni mambo ya wanaume?"

Dada ndiye aliyejibu, akiwa amejishika ukutani.

"Mama, kinachoogopwa ni mwiba kumkwama mtoto, sivyo?"

"Ndivyo."

"Na ukipondwa ukawa unga?"

Swali hilo mama mkwe hakuwahi kuulizwa na mkwe yeyote. Dada akanielekeza kwa kidevu kwenye kinu.

Niliwakausha dagaa motoni mpaka wakavunjika mkononi, nikawaponda, vichwa na miba na mikia. Wanaume waliopita njiani walisimama kunitazama.

"Shemeji ameolewa," mmoja akasema. "Mahari alilipa nani?"

"Njoo uponde wewe basi, mikono yangu imechoka."

"Mimi nina mke."

"Ndiyo maana namwonea huruma yeye," nikamwambia, na wenzake wakamcheka.

Nikachekecha, nikaponda tena kilichobaki, nikachekecha. Mama mkwe alichota unga ule akauvuruga kwa vidole, akautia ulimini, akaupeleka huku na huku akitafuta ncha. Alitafuta kwa muda mrefu. Dada alisimama akimngoja mtu mwingine aamue juu ya mifupa yake.

"Haya," mama mkwe akasema mwishowe. "Huu si mwiba. Lakini likitokea la kutokea, nakujua wewe."

Kisamvu cha siku ile kilipikwa kwa tui, ufuta uliopondwa na unga wa dagaa. Dada alikula akamaliza, akaomba tena. Niliahirisha safari, nikawa naponda. Miguu haikupona kwa kishindo. Ililegea kidogo kidogo, mpaka akawa anakwenda kisimani bila kushikwa. Siku ilipofika alipiga magoti mwenyewe, akajifungua mtoto wa kike mwenye koo linalosikika kijiji kizima.

Neno kalsiamu nilikuja kulisikia baadaye sana, na waliosoma wananiambia huenda meno ya dada yaliharibiwa na ufizi, si na watoto. Sibishi. Wajawazito wengine walianza kuja kwa mama mkwe, naye akawafundisha kuponda, akisema ndivyo wanavyofanya katika ukoo wake. Na hilo sikubisha. Lakini kila nilipoona kinu kile kikitumika hasira ilinirudia, maana dagaa ni wale wale waliokuwa mezani tangu mwanzo, ila ilibidi miba yao ifichwe isijulikane ni miba, ndipo mwanamke aruhusiwe kuila.