Mwandishi Aliyeitwa Zilpah, M.

Ukitaka kumchokoza Zilpah Osiako, mwambie kompyuta inajua marejeleo kumshinda. Sisi aliotupigia chapa tasnifu zetu katika kile chumba nyuma ya soko la Kakamega tunamjua. Alikuwa na makasha ya viatu yaliyojaa kadi, kila kadi na mwandishi, mwaka, kitabu na ukurasa. Ukimpelekea nukuu isiyo na ukurasa, anakurudisha maktaba kwa miguu, hata kunyeshe vipi. Nilimchukia siku hizo. Sasa nazitamani, pamoja na kelele za taipureta yake.

Siku hizi wanafunzi humletea kazi iliyokwisha kupangwa na programu. Yeye huipitia tu kabla haijatiwa jalada. Juzi nilipita kumjulia hali, nikamkuta na Natasha, mwanafunzi anayeandika juu ya wakulima wa miwa wa Matungu. Tasnifu ilikuwa iwasilishwe kesho yake. Zilpah alishuka na orodha ya marejeleo kwa kidole, polepole, hadi jina la mwisho.

"Zilpah, M., 1996. Huyu ni nani?"

"Ni mwandishi, Madam. Mimi najaza tu, programu inapanganga yenyewe."

"Mimi lini nimeandika kitabu?"

Ikabidi itafutwe tasnifu ya zamani, ya mwaka huo wa 1996, ambamo Natasha alilitoa jina hilo. Natasha alikuwa amenukuu humo maneno ya mkulima mmoja kuhusu wanawake wanaopalilia miwa isiyo yao. Mkulima huyo alitajwa kama Mama Zilpah. Natasha akamfanya mwandishi, programu nayo ikageuza jina la mtoto kuwa la ukoo, na "Mama" ikabaki herufi M.

Nilidhani Zilpah atafoka.

"Huyo ni mamangu," akasema. "Na hiyo tasnifu niliipiga mimi. Mtafiti aliandika vile majirani walimwita, nami nikapiga vivyo hivyo. Watu wa mbali nisiowajua nilikuwanga naulizia majina yao kamili. La mamangu sikulidai."

Namkumbuka huyo mama. Alikuwa akija na viazi vitamu vya kuchemsha, anaketi pembeni kumtazama bintiye akifanya kazi, na sote tulimwita Mama Zilpah. Nami sikuwahi kuuliza jina lake. Nikaona haya pale.

"Aliitwa Pascalia Nanzala. Andika hivyo."

Natasha akaifunua ile tasnifu ya zamani. "Madam, hapa ndani hilo jina haliko. Msimamizi ataniuliza nimelitoa wapi."

"Umelitoa kwangu. Nukuu ibaki ya hiyo tasnifu, kwa jina la mtafiti, chini uweke tanbihi: umeambiwa na binti yake, Kakamega, na tarehe ya leo."

Natasha akampisha kwenye kiti mbele ya kompyuta. Zilpah, anayepiga chapa bila kutazama, aliandika jina lile herufi moja moja, macho kwenye vidole.

"Mara ya mwisho nililipiga kwa ratiba ya mazishi yake," akasema. "Na nililipiga mbio, watu walikuwa wanangoja."