Siku Uso wa Papa Alufonsi Ulipopotea Juani

Mnaniuliza kila mara kwa nini mimi, fundi picha, sikanyagi kwenye matanga na kamera hata nikibembelezwa, basi leo nitawaambia, ila mkicheka chekeni polepole, maana aibu hii sijaizoea mpaka leo, na ukweli ni kwamba kuna mtu aliyeilipia kuliko mimi.

Ilikuwa hapa hapa Kisangani, miaka ile wazungu wakiiita Stanleyville, na mimi nilikuwa na chumba kimoja cha mabati pale cité, mtaa wa watu weusi, nilichokiita studio (kitambaa ukutani, stuli, basi), na nilikuwa na ugonjwa wangu. Wenzangu walipenda maharusi na makarani wenye baiskeli mpya, mimi nilipenda vitu vinavyokwisha: pirogi, yaani mtumbwi, iliyooza ukingoni, ukuta uliobanduka chokaa, mikono ya wazee. Mteja alikuja na suti ya kuazima, mimi nikamwangalia viatu vilivyochakaa. Nilijiona msanii, jamani, hata kofia niliivaa upande.

Alikuwepo mvuvi mmoja wa kule maporomokoni, Papa Alufonsi, mtu wa kifua kipana, kisha ugonjwa ukamkausha mpaka shati likawa linamning'inia. Mwenyewe alitaka picha. Nikampiga ameketi mlangoni, jua la alasiri likimwangukia kwenye mifupa ya uso na mvi zake, na nisiwafiche, niliuona uzuri ambao sikuwahi kuuona kwa bwana harusi yeyote. Haukupita muda akafa.

Mjane wake, Mama Georgine, alikuwa binti wa watu wa mto, wa kule Isangi, na mashemeji hawakumpenda. Tonton Batelemi, mdogo wake marehemu, alianza kusema wazi kwamba mwanamume mwenye nguvu vile hakauki bure, kuna aliyemla kwa uchawi. Sasa siku ya kutoa matanga ndiyo ilikuwa ya kukata maneno. Ndugu wa mume wakimvua mjane kitambaa cheusi mbele ya watu, amesafishika, anabaki nyumbani na wanawe. Wasipomvua, anarudi kwao na kifurushi chake, na watoto wanabaki kwa ukoo wa baba. Mama Georgine alikuwa na mabinti wawili, wadogo, wa kushika sketi ya mama.

Akaja studio, akasimama mlangoni na kile kitambaa chake cheusi.

"Fotografe, unitolee ile foto, kubwa. Nataka batu bamuone vile alikuwa. Bakimuona, pengine roho zao zitalegea."

Nikamwambia asihofu. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa.

Ile karatasi ya zamani hamkuikuta ninyi. Unaiweka chini ya filamu, ndani ya fremu yenye kioo, unaianika juani, na picha inatoka yenyewe, polepole, na rangi yake ni ya zambarau iliyochanganyika na kahawia, rangi ambayo sijawahi kuiona popote pengine. Lakini karatasi hiyo haishibi mwanga, ukiiacha juani inazidi kuingia giza. Lazima uichovye kwenye dawa ya fiksateri ili iache kula jua, na ukiichovya, ile rangi inakufa, inabaki manjano ya chai baridi. Mimi niliishika ile picha ya Papa Alufonsi mkononi, nikaiangalia, nikasema hapana, hii siiui. Nikaiosha kwa maji tu. Nilijiambia itakaa ndani, mezani, kwenye giza giza la nyumba, nitawatolea nyingine ya fiksateri wiki ijayo. (Na sauti nyingine ndani yangu ikasema: hata ikififia kidogo kidogo, si ndivyo mwenyewe alivyofifia? Hebu sikilizeni upumbavu huo.)

Siku ikafika. Nikavaa kofia yangu upande, nikapeleka picha imefunikwa. Kule ndani walipoifunua, wanawake walilia kilio ambacho hata mimi kilinipanda kichwani, bibi mmoja akanishika mikono yote miwili akisema, "Fotografe, weye unajua kazi," na Mama Georgine akaniangalia kwa macho ya shukrani. Hata Tonton Batelemi alisimama mbele ya picha, midomo ikimcheza. Kisha akageuka.

"Bon. Mutu kama huyu anabaki ndani juu ya nini? Mumutoshe inje, batu bote bamuone!"

Nilipaswa kuruka pale pale. Neno moja tu lingetosha: hapana, jua litaiharibu. Lakini bibi alikuwa bado amenishika mikono, watu wananisifu, na fundi gani anataka kusema mbele ya sifa kwamba kazi hakuimaliza? Nikanyamaza. Nikajidanganya kwamba hotuba zitakuwa fupi. Hotuba za matanga, fupi! Tena mimi mzaliwa wa Kisangani!

Wakaiweka kwenye kiti katikati ya uwanja, saa sita ya mchana, na kama desturi ilivyotaka, mjane akaketishwa kwenye mkeka akitazamana nayo. Mzee mmoja akaanza kutaja ukoo tangu babu wa babu. Mimi sikusikia kitu, nilikuwa naangalia shati. Shati la Papa Alufonsi lilikuwa jeupe, likaanza kuwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, kisha mvi zake zikaingia giza, na jasho likanitoka mpaka kofia ikanilegea kichwani.

Mtoto ndiye aliyeona kwanza. Halafu mwanamke akasema kwa sauti, "Mbona Papa anajificha sura?"

Mzee akaukatiza ukoo katikati. Watu wakasogea. Macho ya marehemu yalikuwa yanazama mbele yetu sote.

"Anamukimbia nani?" akauliza mtu wa nyuma, na vichwa vikageuka, vyote, kuelekea mkekani.

Ndipo nikapiga kelele. "Ni jua! Ni karatasi! Ni mimi, sikuweka fiksateri!"

"Jua?" Tonton Batelemi akasema. "Jua iko inatupiga siye bote hapa. Nani mwingine anapotea?"

Watu wengine wakacheka, kicheko kibaya. Na mimi, kwa akili zangu nyingi, nikakumbuka nina karatasi tupu za aina ile ile mkobani. Nikachomoa moja, nyeupe pe, nikaiinua juu. "Angalieni! Hii haina mtu, na itageuka!" Ikageuka kweli, upesi kuliko picha, mbele ya macho yao. Nikasubiri waseme ahaa. Badala yake uwanja mzima ulirudi nyuma hatua, wamama wakawavuta watoto wao, na mtu akasema, "Hata karatasi ya bure! Ndoki anaiangalia tu, na inakufa!" Mchawi, walimaanisha, kwa sababu Mama Georgine alikuwa anaiangalia, ndiyo, mimi ndiye niliyesema angalieni.

Tonton akaufunika ule uso uliokwisha kwa kitambaa. Akasema hakuna wa kuvuliwa kitambaa cheusi hapa leo. Mama Georgine hakulia. Alinijia, akanishika shati.

"Filme iko? Enda utoshe ingine, mbio. Mbio, papa."

Nilipanda baiskeli, kofia ikaanguka njiani sikuiokota. Nikaanika fremu nyuma ya studio, na wingu likaja. Nililitukana lile wingu kwa Kiswahili na kwa Kilingala, majirani wakatoka kunitazama, fundi picha anagombana na mbingu. Picha ikachukua muda wote wa alasiri kutoka. Nikaitia fiksateri, nikaiosha, ikawa manjano ya chai baridi, imara, haiwezi kupotea tena. Nikarudi nayo imelowa, nimeishika kwa ncha za vidole, naendesha baiskeli kwa mkono mmoja.

Mkeka ulikuwa umekunjwa. Kaka zake Mama Georgine walikuwa wamekwisha kumchukua, pirogi imeshuka na mto. Mabinti wawili walikuwa mlangoni kwa shangazi yao, mdogo amevimba macho. Nikamwonyesha Tonton Batelemi ile picha kwenye jua lililobaki, nikaigeuza huku na huku, nikamwambia, ona, haigeuki, si nilisema ni fiksateri?

Akaitazama kwa muda mrefu, machozi yakamtoka, machozi ya kweli.

"Munaona?" akawaambia watu. "Amerudi. Bibi yake ameenda, na ye amerudi."

Nilizungumza mpaka sauti ikanikauka. Hakuna aliyenisikiliza. Kazi yangu nzuri ilitundikwa pale nyumbani kuwa ushahidi dhidi ya mjane, na watu walikuja kuiona hata kutoka Bengamisa.

Baadaye nilipanda mashua mpaka Isangi na nakala ya picha ile, nimeifunga vizuri, nikidhani angalau nampelekea mumewe. Nilimkuta anapepeta mpunga. Aliipokea, akaitazama kidogo, akanirudishia bila hasira, na kutokuwa na hasira kwake ndiko kulikonimaliza.

"Sura ya Alufonsi naijua," akasema. "Sura ya batoto ndio inaanza kunipotea. Unipigie batoto."

Nikaapa nitampigia. Nilikwenda kwa Tonton Batelemi nikapiga magoti, mimi msanii, nikaomba dakika moja tu, wasimame ukutani. Akanijibu kwamba kamera yangu haitawasogelea watoto wa ndugu yake, amekwisha kuona inavyofanya nyuso za watu. Nilirudi mara nyingine, na nyingine tena, mpaka wakaninyima hata kiti.

Basi hiyo ndiyo sababu. Picha haitoki kwangu bila fiksateri, na ukuta uliobanduka naupita tu, naenda zangu. Mtu akiniletea kitu chake kinachokwisha, namtolea haraka, kwa rangi yoyote, ili mradi kibaki. Mama Georgine alifariki huko huko Isangi, na wale wasichana sikuwapiga picha kamwe.