Kipimo cha Chapati

Harufu ya chapati inayoungua huwafanya watu wakunje pua na kukimbilia jikoni. Mimi hunichekesha. Juzi jirani wa ghorofa ya juu alisahau yake motoni, moshi ukashuka ngazi hadi mlangoni kwangu, nami nikasimama pale na funguo mkononi nikicheka peke yangu, mpaka mlinzi akaniuliza kama niko salama. Nilikuwa salama. Nilikuwa tu nimerudi kimawazo mtaa wa Jamhuri, Nairobi, nyuma ya nyumba yetu, nina miaka tisa, na Mama amepiga magoti mbele yangu.

Mama alikuwa mwalimu wa chekechea katika mtaa wa Mountain View, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwachagulia watoto wa darasa lake vitu vya kuchezea. Alikuwa mchaguzi, jamani! Kulikuwa na duka mtaani Hurlingham lililojaa roboti za macho mekundu na magari ya betri, na mhudumu wake alikuwa akimwona Mama tu anashusha pumzi. Mama aligeuza kila kitu juu chini, akakitikisa, akakinusa. Mhudumu akabonyeza kitufe, trekta ikaimba na kuzunguka sakafuni.

"Sawa, hiyo inacheza," Mama alisema. "Na mtoto, yeye atafanya nini?"

Lakini mtihani wenyewe ulifanyika nyumbani, Jumamosi alasiri, siku ya chapati. Ninyi mliokulia Nairobi mnajua chapati ni nini kwa mtoto. Ile ni sherehe, chakula kinakuja baadaye. Mama alitandika mkeka nyuma ya nyumba, akaweka juu yake kitu alichotaka kukipima, akaita watoto wa majirani, kisha akaingia jikoni na kuuacha mlango wazi makusudi. Harufu ikishatoka, kila mtoto alikuwa huru kuja kuchukua yake ikiwa moto. Kitu kilichoachwa mara moja mkekani kilikuwa kimeanguka mtihani. Kilichomfanya hata mtoto mmoja aseme "nakuja" na asije, hicho kiliingia kwenye kikapu cha darasani.

Trekta ya namna ile, zawadi ya mzazi fulani, iliachwa ikijiimbia hadi betri ikafa. Mizani aliyoitengeneza Mama kwa hanga ya nguo na vikopo viwili vya maziwa ilipita kwa kishindo, watoto wakipima mawe na maharagwe huku chapati zikipoa.

Nami nilitaka kitu changu kiingie kikapuni. Nilikitaka vile watoto wengine walivyotaka baiskeli. Kikapu kile kilikwenda na Mama kila Jumatatu kwa watoto wengine, ambao niliwaonea wivu sana, na nilitaka kazi ya mikono yangu iende naye.

Basi nikatafuta kibao, nikapigilia juu yake waya wa hanga nilioupinda kufuata vilima vya Ngong kama tulivyoviona siku zisizo na mawingu. Nikatengeneza kipete cha waya chenye mpini. Nikaunganisha betri za redio na balbu ya tochi. Mchezaji alitakiwa kupitisha kipete juu ya vilima vyote bila kugusa waya. Akigusa, umeme unapata njia ya kuzunguka, balbu inawaka, naye anaanza upya.

Jumamosi ya kwanza niliaibika. Balbu haikuwaka hata kidogo. Watoto waliburuta kipete kwenye waya kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mmoja akawa bingwa.

"Kila mtu anawin!" alilalamika Wambui, rafiki yangu wa nyumba ya pili, ambaye hakujua kumung'unya maneno. "Haki, Mwende, hii kitu yako ni boring." Akaenda kula kabla harufu haijafika sawasawa.

Baba alinikuta nimenuna. Alishika balbu, akaigusisha kwenye betri, ikawaka vizuri. Akaukagua waya, akanirudishia kibao changu.

"Hiyo waya imevaa nguo," alisema, akarudi kwenye gazeti lake.

Niliuangalia waya, nikauona uchi kabisa. Nikakasirika. Mpaka nilipoukwaruza kwa ukucha, na utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu ukabanduka. Kumbe hanga hupakwa rangi isiyoonekana ili kutu isichafue mashati, na rangi ile ndiyo iliyouzuia umeme! Niliusugua kwa ile steelwool ya kusugulia sufuria hadi vidole vikawa vyeusi. Balbu ilipowaka nilipiga ukelele, mbwa wa jirani akaitikia.

Jumamosi iliyofuata mkeka ulijaa vurugu tamu.

"Umegusa!"

"Sijagusa, ni upepo!"

Walisukumana kwenye foleni. Wambui alifika kilima cha tatu akiwa amebana pumzi. Kisha harufu ikatoka jikoni. Mmoja akainuka, wa pili akamfuata. Wambui alitazama waya, akatazama mlango wa jikoni, akatazama tena waya.

"Nakuja saa hii, sawa? Msiguse," aliniambia, akatimua mbio.

Mkeka ukabaki mtupu. Mama alitoka akipangusa unga kwenye leso, akaona.

"Wameenda wote, mami," alisema kwa upole. "Pole." Akainama. "Hebu nione inafanya aje."

Akashika kipete. Balbu ikawaka papo hapo. "Ai!" Akaanza tena, ikawaka tena. Akapiga magoti, ncha ya ulimi ikamtoka pembeni mwa mdomo.

"Mama Mwende!" Baba aliita kutoka sebuleni. "Chapati!"

"Nakuja," Mama alijibu bila kuinua macho.

Hakuja. Moshi ulianza kutoka mlangoni. Wambui alitokea na chapati mdomoni, nyuma yake wengine wote. "Mama Mwende, inachomeka!"

"Wacha ichomeke! Niko kwa kilima ya mwisho!"

Walimzunguka, wamesahau hata kutafuna. Baba akatoka amebeba kitu cheusi kwa ncha ya vidole, naye akasimama. Kipete kilipotoka upande wa pili, Mama alirusha mikono juu akapiga vigelegele, nasi tukapiga pamoja naye. "Mvumilivu hula mbivu," Baba alisema akiitazama ile chapati, "mimi leo nitakula makaa." Jumatatu kibao changu kilikwenda kikapuni. Nilikipungia mkono.

Kwa miaka mingi niliisimulia siku ile kama ushindi wangu. Siku hizi ndiyo kazi yangu, kuwatengenezea watoto vitu vya kuchezea vya sayansi, na hivi karibuni, tukiambua minji, yaani njegere, nilimuuliza Mama yeye alichezea nini utotoni kule Kitui.

Alishangaa. "Kucheza? Mimi nilikuwa firstborn, Mwende. Mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Nilikuwa nasimama kwa foleni na wenzangu, zamu yangu ikikaribia naitwa. Maji. Kuni. Mtoto analia. Naenda tu."

Alisema hivyo bila uchungu, akaendelea na minji yake. Mimi ndiye niliyeacha kuambua. Kipimo kile nilidhani amekitoa chuo cha ualimu. Kumbe alikuwa akitafuta kitu kinachoweza kumshikilia mtoto aliyeitwa, kwa kuwa yeye hakushikiliwa na chochote. Aliitwa, akaenda, kila mara.

Ninafurahi mno nikifikiria alasiri ile. Baba alimwita, moshi ukamwita, mtaa mzima wa watoto ukamwita. Akasema nakuja, akacheza hadi mwisho.