Mtoto wa Ukutani

Ukuta wa chumba chetu ulikuwa na watu wengi kuliko nyumba yenyewe. Baba alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja mwenye shamba la chai karibu na Igowole, na memsahibu, mke wake, alipomaliza kusoma magazeti yake ya kina mama, baba aliyaleta nyumbani. Mama alikoroga uji mzito wa unga, akazibandika kurasa zake ukutani, maana ukungu wa Mufindi huingia ndani bila kupiga hodi.

Hakuna aliyejua maneno yalisema nini. Kiingereza cha baba kilikuwa cha jikoni, cha mayai na siagi, na mama hakujua kusoma hata Kiswahili. Basi tukasoma picha.

Upepo ulipoingia nyuma ya karatasi, wale watu walijongea kidogo, kama wanaohema. Nililala kwenye mkeka, moshi umetanda juu yangu, nikaingia kwao. Niliacha tope la miguu yangu nje, nikapita kwenye mlango wa pichani ulioachwa nusu wazi, nikaketi mezani. Baba wa mle alivaa kofia, akacheka. Mama wa mle alivaa viatu vya visigino virefu hata jikoni. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyetumwa maji. Na mtoto mchanga alilala peke yake kwenye kitanda cheupe, anatabasamu, mama yake amesimama mbali amefumbata mikono. Nilikaa humo hata nikiitwa mara tatu nisisikie. Nilikuwa na umri wa miaka saba, na niliwapenda watu wale kuliko ndugu zangu wa damu. Naona aibu kulisema hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama naye aliwatazama, ila kwa jicho jingine. Kabla ya Igowole tulikaa Mbeya, na kule tuliacha vikaburi viwili, wadogo zangu waliofuatana. Wote wawili walifia mgongoni mwake, wa pili akiwa njiani kupelekwa zahanati. Watu walimwambia kazi ya Mungu haina makosa. Mama hakubishana nao. Lakini alipojifungua mdogo wangu wa tatu, wa kiume, nilimwona amesimama mbele ya ukuta, anapitisha kidole picha moja baada ya nyingine.

"Hakuna hata mmoja," akaniambia. "Wana watoto wengi, wanene, na hakuna hata mmoja aliyebebwa mgongoni. Labda mgongo wangu ndio mbaya."

Akaikunja mbeleko, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Akachukua kikapu cha kuchumia chai, akatandika kitambaa cheupe alichokifua mpaka kikachubuka, akamlaza mtoto humo chini ya dirisha, kama wa pichani. Bibi, mama yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye, alisonya.

"Hata kuku hulalia vifaranga vyake," akasema. "Wewe mkwe wangu unamlaza mtu kama kiazi?"

"Mama, nisamehe," mama akajibu, macho chini. "Wale wawili nimewalea kwa njia yetu, wakaondoka. Huyu nataka abaki."

Bibi akageukia moto, akachochea kuni.

Siku za kwanza mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Mama alikuwa anamnyonyesha, anamrudisha kikapuni, kisha anasimama mbali amefumbata mikono, machozi yanamtiririka. Halafu asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi imeng'ata majani mpaka yakawa meupe, mama akaenda kisimani.

"Kaa naye. Usimguse," akaniagiza.

Sikumgusa. Nilikuwa mezani kwa watu wa ukutani, nakula keki. Niligeuka mara moja tu, nikaona ametulia kimya, mzuri, kama wa pichani hasa. Nikafurahi. Nikarudi kwenye keki yangu.

"Kamwene," bibi akaita mlangoni, salamu yetu Wahehe, akitua mzigo wa kuni. Sikuitika. Akaingia, akashika mguu wa mtoto, akatoa sauti ambayo sijaisahau. Mguu ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Akamvua ile nguo nyeupe, akamtia kifuani ndani ya kaniki yake, ngozi kwa ngozi, akaketi karibu na moto akimsugua mgongo. Mama alirudi akatukuta hivyo. Mtungi ulimponyoka. Maji yakatambaa mpaka kwenye majivu.

Kisha mtoto akalia. Kilio chembamba, kibovu. Sijasikia wimbo uliozidi kile.

Baba alirudi mchana, kati ya chakula cha Wazungu na chai yao, akaelezwa. Akavua kofia yake.

"Mama watoto," akasema, "kwa nini hukuniuliza mimi? Hao wa ukutani siwajui, lakini mtoto wa memsahibu hulala mgongoni kwa yaya, kutwa nzima. Siku mwenye kamera alipokuja ndipo wakamtia kitandani. Yaya akaambiwa asimame nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa napeleka chai, nikamwona pale, mbeleko mkononi, anasubiri wamalize."

Mama aliugeukia ukuta. Aliutazama ule mlango ulioachwa nusu wazi, nami nikautazama. Nilikuwa nimepita hapo mara ngapi, na sikuwahi kuangalia nyuma yake!

Akafungua sanduku, akaitoa mbeleko. Bibi akampa mtoto, akamsaidia kufunga fundo, akalikaza mara mbili. Mama akainama mekoni, akaokota kipande cha mkaa. Kwanza akamfuta mtoto wa kitandani. Kisha, polepole, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, akamchora upya mgongoni kwa yule mwanamke wa viatu virefu: kichwa cha mviringo, miguu miwili imetokeza ubavuni. Hakuwahi kushika kalamu maishani mwake.

Akanipa mkaa.

"Malizia wewe," akasema, huku akijitikisa taratibu kumbembeleza wa mgongoni. "Mchoree na nguo, mpaka shingoni. Humo ndani kuna baridi."