Nywele za Siku ya Tatu

Kila Jumanne alasiri nilimpeleka madam, mke wa bosi wangu, kwenye mazoezi, na kwa saa nzima gari lilikuwa langu. Niliegesha upande wenye kivuli, nikaacha injini ikinguruma ili AC isizime, nikaisimamisha simu kwenye dashibodi. Hapo ndipo nilipoanza ushauri nasaha.

Nambari ya mshauri nilitumiwa na rafiki niliyekaa naye Malaz, Riyadh. Huko tulikuwa madereva sita, Wakenya watupu, katika fleti moja. Akifiwa mmoja, wengine walikaa naye sebuleni, wakapika chai, wakaimba. Kisha bosi akahamia Jeddah pamoja na familia yake, nami nikahamia chumba cha dereva kando ya lango, mtaa wa Al-Safa. Miezi minne baadaye, mdogo wangu wa kiume akafariki nyumbani.

"Huyu ni mweusi mwenzetu," rafiki aliniambia. "Yuko Nairobi. Hutahangaika kumweleza kafili ni nani."

Alijua nilishajaribu mwingine, mzungu mpole wa kwenye app. Nusu ya muda wetu iliisha nikimfafanulia kwa nini mtu mzima amwombe kafili, yaani bosi wake, ruhusa ya kwenda kwao.

Nilichotaka kilikuwa kimoja: niweze tena kupokea simu za mama. Tangu mazishi, nikiona anapiga, niliiacha simu iite mpaka ikatike. Nilimwandikia, "Niko barabarani," hata nikiwa nimelala.

Siku ya kwanza, saa niliyomwandikia kwamba madam atakuwa mazoezini, nilikuja na daftari, dalili zangu nimezipanga kama za kumsomea daktari: usingizi, chakula, kifua kubana. Kwenye skrini akatokea mama wa makamo, mwenye mvi chache, nyuma yake pazia la maua kama la sebule yoyote kwetu.

"Shikamoo, madam," nikasema.

"Madam si umemwacha kwenye mazoezi? Mimi niite dada."

Nikacheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mwezi huo. Kisha akauliza, "Na nyumbani ni wapi?"

Mzungu akiuliza hivyo, anauliza jina la mahali. Mkenya anataka kujua wewe ni mtoto wa nani. Nikamwona moyoni akipiga simu moja tu, ya pili ikapigwa na mwingine, na ya tatu ikaita kanisani kwa mama.

"Machakos," nikasema. Mimi ni mtu wa Bungoma.

Akanitazama kidogo. "Sawa."

Jumanne ya tatu nilimsimulia mazishi. Niliyatazama kwa simu, ndani ya gari hilihili, picha ikikwama kila mara. Siku ya tatu baada ya kuzika, wenye msiba walinyolewa kama ilivyo desturi ya kwetu, nami huku nikaenda kwa kinyozi Myemeni wa mtaani. Nikamwonyesha kwa mkono: zote.

Nilipotoka, mwenye duka akainua mkono: "Umra makbula!" Mlinzi wa jengo la jirani akanikumbatia. Jeddah, mwanamume mwenye upara mpya anadhaniwa ametoka Makka kufanya umra. Mimi ni Mkristo, Makka sijawahi kukanyaga, na Kiarabu changu ni cha kushoto, kulia, yalla ya kuondoka na halas ya kumaliza. Cha kueleza msiba sina. Nikajibu "Amin". Watu saba walinipongeza siku hiyo, na wote saba niliwaambia amin.

Mshauri hakucheka. Akauliza polepole, "Machakos siku hizi mnanyolewa siku ya tatu?"

Nikapunguza AC.

"Ni Bungoma," nikasema.

"Nilianza kufikiri hivyo. Mbona ukanificha?"

"Nilidhani pengine unamjua mama."

"Na kama ningemjua?"

"Ungemwambia."

"Ningemwambia nini?"

"Kwamba kafili hakunikataza."

Bosi aliniita siku ileile ya habari ya kifo. Pasipoti yangu alikuwa nayo mkononi. "Yalla, nenda ukamzike ndugu yako," alisema kwa Kiingereza. Mimi nikawaambia nyumbani kwamba amekataa. Mazishini, mjomba alishika maikrofoni akamlaani Mwarabu asiye na utu, watu wakaguna, nami nikasikiliza yote nimeketi ndani ya gari la Mwarabu huyo, nikipulizwa na AC yake.

"Kwa nini hukwenda?"

"Nikiwa huku, ni kama bado yuko nyumbani. Ningefika, ningemkosa."

Nikangoja bure anigombeze kama dada angenigombeza.

"Niambie basi nifanye nini."

"Wa kukuambia la kufanya unao, shangazi na wajomba. Mimi nitakaa hapa na wewe mpaka muda uishe."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Akakaa kweli. Nikalaza uso kwenye usukani nikalia, mpaka honi ikabonyezeka na mlinzi wa mlangoni akageuka kuniangalia.

Ijumaa asubuhi nilimpigia mama mwenyewe. Nilimwambia ukweli kabla salamu hazijaisha, maana zikiisha ningekata.

Nilisikia kuku wake.

"Kwa hiyo mjomba wako alimtukana mtoto wa watu bure," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nywele ulinyoa?"

"Nilinyoa."

"Siku ya tatu?"

"Siku ya tatu."

"Nani alikunyoa?"

"Kinyozi. Myemeni."

"Alijua ni za msiba?"

"Hakujua."

Akashusha pumzi. "Basi hujanyolewa. Ukija tutakunyoa sisi."

Alipokata simu nilijishika kichwani. Zilikuwa zimeshaota, za kutosha kuchana.