Fundi Aliyelikimbiza Soko

Mwezi uliopita nilikuwa nanunua ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni Rumonge, mara fundi cherehani mmoja, mzee wa heshima zake, akapita mbio amevaa kaptula.

Miaka hii ya vita hatuulizi. Ukiona mtu anakimbia unakimbia naye, sababu utaijua mbele. Muuza ndagala akaacha sinia, mimi nikaacha kapu, na mama mnene anayeuza mawese akaacha madebe yake yote. Mzee aliposikia vishindo nyuma yake akaongeza mwendo. Na sisi tukaongeza.

Ziwa ndilo lililomsimamisha.

"Papa, iko wapi hao wenye bunduki?" mama wa mawese akauliza, mikono kiunoni, anahema.

"Bunduki? Mimi niko na ugonjwa wa sukari. Muganga aliniambia nikimbie kila asubuhi. Nilipoona munakuja nyuma, nikasema hawa wameona kitu."

Tulicheka mpaka tukakaa mchangani. Mama huyo kila siku humwambia muganga huyohuyo kwamba magoti yake hayawezi hata kupanda ngazi. Sasa aliyatazama, akayapiga kofi moja moja.

"Kumbe iko mazima," akasema. "Kesho unapita saa ngapi?"

Ushauri wa afya tumepewa mwingi, tukaitikia na kubaki vitini. Tulichokosa ni mtu wa kumfuata. Siku hizi tuko kumi na wawili, na tunakimbia tukiimba kwa sauti, ili mji ujue kwamba hakuna anayetufukuza.