Mrija wa Kuka

Kila nikifungua kabati langu la vyombo, harufu ya moshi na kimea hunipiga puani kabla sijaona kitu. Inatoka kwenye kipande cha mrija kilichofichwa nyuma ya sahani za wageni. Mume wangu alikuwa akiuliza kila tukisafisha nyumba, kwani hiki hakitupwi? Yeye sikuwahi kumweleza vizuri, na sasa hayupo wa kuelezwa. Wacha niwaeleze nyinyi.

Mrija ulikuwa wa babu yangu, tuliyemwita Kuka. Tulikaa Busia, upande wa Kenya, karibu na mpaka kiasi kwamba jogoo wa Uganda ndio waliotuamsha. Ilikuwa miaka ya sabini, na Kuka alikuwa mtu asiyejua kutulia. Alibeba abiria kwa baiskeli. Asubuhi umwone mpakani, mchana usikie yuko Malaba, na hata akiketi kula, goti lake liliendelea kucheza chini ya meza. Kitu pekee kilichomkalisha ni chungu cha busaa, pombe ya nafaka, kwa jirani yetu Mzee Wandera, ambako wazee walizunguka jioni, kila mmoja na kigoda chake na mrija wake mrefu wa kunywea. Akisafiri, Kuka aliufunga mrija wake kwenye baiskeli kwa blada, ule ukanda wa mpira, ukatokeza nyuma kama mkia. Akiwa nyumbani ulikaa darini juu ya meko, upate moshi usiliwe na wadudu.

Meko yalikuwa ya Kukhu, nyanya yangu. Kukhu alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe cha kichwa kilichopigwa pasi mpaka kikasimama chenyewe, na busaa hakuitaka hata kwa harufu. Mrija ule aliuita mke mwenzake. "Mke mwenzangu ameamka?" angeuliza jioni, Kuka anapouteremsha, na Kuka angecheka akaenda zake.

Basi siku moja Kuka alivuka kwenda kumwona shangazi yangu Nekesa, aliyeolewa ng'ambo na aliyekuwa karibu kujifungua. Mrija aliuacha, maana yake angerudi kabla ya saa ya busaa. Jioni ikafika, hakurudi. Kesho yake pia hakurudi.

Siku hizo ng'ambo walitawala wanajeshi. Mtu aliweza kuchukuliwa sokoni mchana kweupe na wenzake wakaendelea kupanga nyanya, wakiogopa hata kugeuza shingo. Baba yangu alishinda mpakani akiuliza kila aliyevuka. Kukhu alifagia uwanja. Aliumaliza, akauanza tena upande ule ule. Aliinjika sufuria akasahau kutia maji, na sufuria ikaungua mbele ya macho yake. Mimi alinipa kazi moja: kila jioni niloweshe mrija kwa maji, kwa sababu ukikauka sana hupasuka. Nisiposhika bakuli la maji kwa wakati, aliita jina langu kwa sauti iliyonitisha.

Halafu mama mmoja muuza samaki akavuka na habari. Ameona baiskeli ya Kuka, ile yenye mto wa nyuma ulioshonwa na Kukhu kwa gauni lake kuukuu. Aliyeiendesha ni askari.

Wazee wa chunguni wakaja mchana ule ule, wakasimama mlangoni bila kofia. Desturi yao ilikuwa hivi: mwenzao akifa, mrija wake hutumbukizwa chunguni mara ya mwisho, kisha huvunjwa na kuzikwa naye. Asipopatikana mwili, huzikwa mrija. Ukishavunjwa, mtu amekufa, hata kama hakuna aliyemwona. Matanga yanaanza, na shemeji za Kukhu kutoka Marachi wangekuja kusema shamba ni la nani na mjane atatunzwa na nani.

"Mama, sisi hatukuji kwa ubaya," alisema Mzee Wandera.

"Wandera, wewe uliona maiti?"

"Hapana, mama."

"Sasa mrija ya mtu ako mzima munataka kuvunja ya nini? Mukuje hapa Jumamosi. Nitapika busaa."

Wazee walitazamana. Mimi nilidhani nimesikia vibaya.

Kukhu alipika kweli. Wenzake wa kanisa walipita barabarani polepole, shingo zimegeuka, na yeye akawasalimia kama kawaida. Jumamosi alasiri aliweka chungu uwanjani, akaweka kigoda cha Kuka mahali pake, kikitazama barabara, akatumbukiza mrija wa Kuka. Wazee walikaa, lakini mirija yao waliishika magotini. Kunywa chungu kimoja na mrija wa marehemu ilikuwa kujiitia kifo.

"Munaogopa nini? Si yeye ako hai?" Kukhu aliuliza.

Basi alikaa mwenyewe kwenye kigoda kile, akafunga macho na kuvuta. Hakukunja uso. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, midomo yake juu ya mrija, nami nimesimama na bakuli langu la maji. Nilijua pombe imemchukua nyanya yangu. Kisha Mzee Wandera akatumbukiza mrija wake, na wengine wakafuata.

Kuka alikuja siku kadhaa baadaye, mchana, akitokea katikati ya mahindi, kwa miguu, shangazi Nekesa nyuma yake na kitoto kimefungwa ndani ya shati la Kuka. Mume wa Nekesa alikuwa amechukuliwa na askari, pamoja na baiskeli. Kuka alikataa kumwacha binti yake mpaka aweze kutembea. Kukhu alisimama na ufagio. Hakukimbia, hakulia.

"Umechelewa," alisema.

"Mrija yangu iko wapi?"

"Kunywa maji kwanza."

Hata mkono hawakupeana. Jioni, kwa Mzee Wandera, Kuka aliuvuta mrija, akautoa, akautazama. "Hii nani alitumia?" Wazee wote wakaangalia chini. Ni mimi niliyempelekea Kukhu swali hilo jikoni. "Mwambie aulize mke mwenzangu," alisema, akaendelea kumenya ndizi.

Kuka alifia kitandani mwake, nimeshakuwa mkubwa. Wazee waliobaki walipotaka kuvunja mrija, Kukhu aliushika kwanza, akauvuta mbele ya mchungaji na watu wote, kisha akauvunja mwenyewe. Kipande cha mdomoni alinipa mimi. Watu walinong'ona kwamba uzee umemfikia.

Mwaka huu, wiki chache baada ya kumzika mume wangu, nilijikuta jikoni nikinywa chai kwa kikombe chake, upande ule ule aliokuwa akinywea, na mlango wa kabati uko wazi. Ndipo harufu ile iliponifikia, nikaketi sakafuni. Maisha yangu yote sikuwahi kuwaona Kuka na Kukhu wakishikana hata mkono, na kumbe nilikuwa nimewaona wakibusiana, mchana, mbele ya wazee wazima, nami nimeshika bakuli.

Kikombe kile kiko kabatini sasa, karibu na mrija. Sijakiosha.